Mach 1 ya 1969: shajara ya kurudisha stika na mapambo ya asili

14 Oktoba 2023: Gari limeingia

Gari ni Ford Mustang Mach 1 ya mwaka 1969. Mwenyewe ni mzee aliyenifundisha kupiga rangi nilipofika hapa Ohio. Alilinunua jipya kabisa akiwa kijana, na hajawahi kuliuza. Sasa mikono inamtetemeka, hawezi tena kushika bunduki ya rangi, na ameniomba nilirudishe nje lilivyokuwa siku alipokabidhiwa funguo. Injini haiguswi, inanguruma vizuri. Bodi imenyooka. Kazi yangu ni rangi, fito za chuma, nembo na stika.

Kabla ya kugusa chochote nimesoma namba. Namba ya gari inaanza na 9F02M: 9 ni mwaka 1969, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni bodi yenye paa la kuteremka nyuma, M ni injini ya inchi za ujazo 351 yenye kabureta ya koo nne, nguvu za farasi 290. Kibati cha mlangoni kinasema 63C, ndiyo alama ya Mach 1, na herufi T, rangi ya Candyapple Red. Nimeagiza pia ripoti ya gari kutoka kampuni ya Marti, ambayo hutolewa kutoka kwenye kumbukumbu za Ford wenyewe kuanzia magari ya 1967. Imelingana na kibati. Dola 60. Usinunue hata skrubu moja kabla hujawa na karatasi hiyo mkononi.

Mach 1 za mwaka huo zilitoka 72,458. Zilitambulika kwa boneti nyeusi isiyong'aa yenye pini za kufungia, kifuniko cha tangi cha krome kinachofyatuka, na stika ya ubavuni inayoakisi mwanga, yenye neno MACH 1. Hili limebaki na boneti na kifuniko. Stika ilishabadilishwa, kwa sababu gari lilipigwa rangi upya miaka ya themanini.

Hapo ndipo tumetofautiana. Mzee anasema mstari ulikuwa mweusi tangu kiwandani. Mimi nimeona Mach 1 nyekundu nyingi zenye mstari wa dhahabu, lakini yeye ndiye aliyelinunua, na amelitazama kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini. Picha pekee aliyonayo ya zamani ni nyeusi na nyeupe. Nimeandika "mweusi" kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza.

4 Novemba 2023: Kung'oa fito

Bampa, taa, grili na vioo vya pembeni vimetoka bila shida. Kila kitu kimeingia kwenye mfuko wake na skrubu zake, na maandishi juu. Fito za kioo cha mbele ndizo zimekula siku nzima.

Ni fito za stenlesi, chuma cha pua, zinazoziba nafasi kati ya kioo na bodi. Zimeshikwa na klipu ndogo usizoziona. Kuna kifaa chake: kibati bembamba chenye ndoano mwishoni. Unakipenyeza chini ya ufito, unapapasa mpaka uguse klipu, unaivuta kidogo, ufito unaachia wenyewe. Sikuwa nacho, na sikutaka kusubiri posta, nikatumia bisibisi bapa iliyovikwa tepu. Ufito wa juu ulitoka salama. Kwenye kona ya kushoto chini klipu ilikuwa imeganda kwenye gundi ya kioo. Nikaongeza nguvu. Ufito ukajikunja, ukaacha mkunjo wenye upana wa ukucha, mahali penyewe ambapo dereva hutazama kila akikaa.

Nikaacha kazi, nikaagiza kifaa. Dola 9. Na klipu mpya seti nzima, dola 24, maana za zamani zimeoza na ukizirudisha ufito utapiga kelele barabarani. Zilizobaki zote zilitoka kwa kifaa hicho kwa muda usiofika saa moja.

Mkunjo nimeunyoosha hivi: nimechonga kipande cha mti mgumu kikafanana na tumbo la ufito kwa ndani, nikakifunga kwenye jiriwa, nikalaza ufito juu yake uso ukiwa chini, nikagonga kwa kinyundo kidogo upande wa ndani. Kugonga kwa nguvu kunatanua chuma, na kikishatanuka hakirudi. Ni kugonga kama unagonga yai, mara nyingi, huku unapitisha kidole upande wa pili. Imechukua saa mbili kwa mkunjo mmoja. Haujaisha kabisa, lakini uliobaki msasa utaumaliza.

25 Novemba 2023: Mstari uliofichwa

Leo ndiyo siku iliyobadilisha mradi.

Nimetoa stika nyeusi kwa mashine ya hewa moto na kadi ya plastiki, nikafuta gundi, nikawa tayari kuanza kusaga rangi. Jioni, taa kubwa ya gereji ikiwa imezimwa, niliokota tochi chini karibu na mlango wa kulia. Mwanga ulilala juu ya bati, na juu ya bati kukaonekana ukingo. Mstari mwembamba wa kivuli, umenyooka, unatoka ukingo wa mlango hadi mwingine. Haukuwa mahali ilipokuwa stika nyeusi. Ulikuwa juu yake kidogo.

Aliyepiga rangi miaka ya themanini hakung'oa stika ya kiwanda. Alipiga juu yake.

Nilichukua msasa wa maji namba 600 nikasugua eneo la ukubwa wa stempu. Rangi nyekundu ikapauka, ikawa ya waridi kwenye maji, kisha ikachungulia rangi nyingine. Nilifuta kwa kitambaa, nikarudisha tochi. Dhahabu. Na haikuwa dhahabu ya rangi tu: ilimeta punje kwa punje, kwa sababu ndani ya stika hiyo kuna chembe za kioo ndogo mno zinazorudisha mwanga kule ulikotoka. Hiyo ni stika ya Dearborn, imekaa gizani miaka ile yote.

Nilimpigia mzee simu usiku uleule. Alikuja asubuhi, akainama, akaweka kidole juu ya ile stempu ya dhahabu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema mke wake ndiye aliyechagua gari lile pale duka la magari, na alilichagua kwa sababu ya dhahabu. Alikuwa amesahau. Stika nyeusi alibandika yeye mwenyewe mwaka aliofiwa, na macho yakaizoea.

Kwa hiyo kabla ya msasa kuendelea, ni kunakili. Nimenunua karatasi ya plastiki angavu, dola 18, nikaibandika ubavuni kwa tepu, nikalaza tochi, nikachora kila ukingo kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika. Kwenye karatasi hiyohiyo nimechora ukingo wa mlango, kitasa, mkunjo wa bodi na upinde wa gurudumu, ili baadaye karatasi ikae palepale ilipokaa. Bila alama hizo mchoro haukusaidii kitu.

Madigadi ya mbele ya kushoto haina kivuli chochote. Ilibadilishwa baada ya ajali. Nimegeuza mchoro wa kulia kwa ajili ya mistari, na neno MACH 1 nimepima nafasi yake kutoka upinde wa gurudumu. Mlango wa kushoto na ubavu wa nyuma vina kivuli, na nilipolinganisha na kulia nimekuta tofauti ya milimita 3. Stika ziliwekwa na mikono ya watu. Nimeiacha tofauti hiyo ilivyo.

20 Januari 2024: Gurudumu la mkonge

Nje kuna theluji, ndani nasafisha stenlesi. Hatua zenyewe ni za kawaida: msasa 320, 400, 600, halafu gurudumu la mkonge na sabuni kali ya kukatia, mwisho gurudumu la pamba na sabuni laini. Mota ya mezani, magurudumu, sabuni na ngao ya uso, vyote dola 153.

Nilipofungua boksi la magurudumu nilinusa harufu ninayoijua. Mjomba wangu alikata mkonge Korogwe maisha yake yote. Mmea wenyewe ulipelekwa Tanga mwaka 1893 kutoka hukuhuku Marekani, Florida, na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja ilifika hai 62, na mashamba yote ya Tanganyika yakatokana nayo. Nyuzi hizo ndizo zinazonisafishia ufito wa Ford. Nimemtumia mjomba picha.

Sasa kosa, na hili ni la hatari. Ufito wa mfereji wa paa ni mrefu kuliko mkono wa mtu na mwembamba kama mkanda. Niliusogeza kwenye gurudumu ukingo wake ukitazama juu. Gurudumu liliukamata, likaupokonya mikononi mwangu, likaupiga ukutani. Umepinda mahali patatu. Ngao ya uso ina mkwaruzo hadi leo, na mkwaruzo huo ungekuwa jichoni.

Marekebisho: kitu chochote kirefu sasa nakifunga kwanza juu ya ubao wa urefu wake, kwa tepu kila baada ya kiganja kimoja. Nagusa gurudumu sehemu ya chini tu, chini ya usawa wa mhimili, na ukingo ambao gurudumu linaukimbia, si ule linaoukabili. Glovu za kitambaa hapana, zinavutwa; navaa za ngozi iliyobana. Ufito ule haukunyooka tena. Jozi mpya ya kuiga, dola 78. Ukiiweka karibu na ya asili inang'aa kwa weupe zaidi, kwa hiyo nimeisugua kidogo kwa gurudumu la pamba mpaka ikafanana na wenzake.

17 Februari 2024: Alumini iliyonidanganya

Vipande viwili vyembamba vya mbele, karibu na grili, nilivipeleka kwenye gurudumu kama stenlesi. Vikawa na mawingu: sehemu inang'aa, sehemu kijivu, na kadiri nilivyosugua mawingu yalizidi kutanda.

Havikuwa stenlesi. Ni alumini iliyofanyiwa anodi, yaani ina ngozi ngumu ya oksidi iliyooteshwa kwa umeme kiwandani. Gurudumu lilikuwa limeitoboa ngozi hiyo sehemu tu. Sumaku haikutatulii jambo hili moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya stenlesi inashika sumaku na nyingine haishiki. Kinachotatua ni mita ya umeme. Iweke kwenye kipimo cha kuonyesha kama umeme unapita, kile chenye mlio, gusisha ncha zote mbili juu ya uso bila kukwaruza. Stenlesi inapitisha umeme, mita inalia. Anodi haipitishi, mita inakaa kimya. Ni kipimo cha sekunde tano, na sasa kila kipande kinapita kwenye mita kabla ya kufika kwenye gurudumu.

Ngozi nimeiondoa kwa dawa ya kusafishia oveni yenye magadi makali, dakika chache, nje kwenye hewa, glovu za mpira na miwani, kisha maji mengi. Alumini iliyobaki inang'arishwa kirahisi sana, ila ukiiacha hivyo itapauka kabla mwaka haujaisha. Nimepeleka kwa watu wa kufanya anodi. Malipo yao dola 90, dawa dola 8.

25 Mei 2024: Rangi

Sitakaa hapa, rangi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Rangi ya zamani imesagwa, praima, msasa, Candyapple Red ya tabaka moja bila kliya, yaani rangi angavu ya kufunikia, juu yake, kwa sababu gari la 1969 halikuwa na kliya. Vifaa vya rangi naviweka kando ya hesabu ya mapambo.

Boneti tu ndiyo imerudiwa. Nilipiga nyeusi iliyokufa kabisa, ikatoka kama mkaa. Nilipoinua kile kibanda cha hewa kilichofungwa kwa bolti juu ya boneti, chini ya ukingo wake kulikuwa na ukanda wa rangi ya kiwanda ambao jua halijauona. Ni nyeusi yenye uhai kidogo, kama ganda la mbegu ya tikiti likiwa kavu. Nimepunguza dawa ya kufifisha, nikapiga vipande vya majaribio vinne, cha tatu kikalingana.

8 Juni 2024: Stika, jaribio la kwanza, limeshindikana

Seti ya stika za dhahabu zinazoakisi, dola 265. Rangi ilikuwa na wiki mbili. Ilikuwa kavu mkononi, ngumu kwenye ukucha, inang'aa. Nikabandika upande wa kulia wote, ikakaa vizuri, nikaenda kulala nimefurahi.

Asubuhi kulikuwa na mapovu. Nilidhani ni maji niliyoacha, nikayatoboa kwa sindano na kuyakandamiza. Mchana, jua lilipogonga ukuta wa gereji, yalirudi mara mbili zaidi, madogo kama vichwa vya pini, ubavu mzima. Hayakuwa maji. Rangi ilikuwa bado inapumua. Thina iliyo ndani inatoka taratibu kwa wiki nyingi, hasa ukipiga tabaka nzito na usiichome kwenye chumba cha joto, kama nilivyofanya mimi. Ukiifunika kwa plastiki isiyopitisha hewa, mvuke unatafuta njia na kuinua gundi.

Nimeing'oa yote. Stika ya kuakisi haivutiki kama stika ya kawaida. Inakatika vipandevipande, na huwezi kuibandika tena. Dola 265 zimekwenda.

Nilimweleza mzee. Alisema alichoniambia mwaka wa kwanza nilipokuwa namshikia bomba la hewa: rangi haikauki kwa sababu wewe una haraka. Nimeagiza seti ya pili kwa fedha yangu.

Kipimo ambacho ningefanya mapema ni hiki: kata kipande cha stika cha inchi moja kwa moja, kibandike mahali pasipoonekana, kiache siku nzima kwenye joto. Kikitoa povu, subiri.

10 Agosti 2024: Jaribio la pili

Wiki 11 tangu rangi. Kipande cha kupima kimekaa siku tatu bila povu hata moja.

Nimeanza saa moja asubuhi, kabla joto halijapanda, maana mchana maji ya sabuni yanakauka kabla hujasogeza kitu. Bati limefutwa kwa spiriti mara mbili. Karatasi angavu imerudi ubavuni, alama zikakutana na mlango, kitasa na upinde wa gurudumu, nikahamisha kingo kwenye tepu ya karatasi.

Hapa nimegundua jambo ambalo wengi watalikuta. Maelekezo yaliyokuja na stika yanataka mstari ukae milimita 6 chini ya pale kivuli cha kiwanda kilipokuwa kwenye gari hili. Nimefuata gari.

Kila kipande kimeshikwa katikati kwa tepu kama bawaba. Unageuza nusu, unatoa karatasi ya nyuma, unapulizia maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto, unalaza, unasukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kadi iliyovikwa kitambaa. Kisha nusu ya pili. Usiivute ili ifike mahali. Ikipinda inua polepole, pulizia tena, laza upya. Kwenye ukingo wa mlango nimekata kwa wembe mpya, milimita 2 ndani, ili mlango ukifungwa usiinyanyue. Wembe mmoja kwa mikato miwili, halafu unautupa. Spiriti, dawa ya gundi na nyembe, dola 41.

Upande wa kulia umechukua muda wa saa tatu na nusu. Wa kushoto, saa mbili na robo.

31 Agosti 2024: Nembo na vitu vidogo

Nembo ya farasi ya kwenye grili ni ya zinki iliyopakwa krome, na krome imeota vishimo. Farasi mpya wa kuiga ni bei ndogo, lakini manyoya ya shingo yake ni mafuriko ya chuma tu, hayana mikato. Huyu wa zamani unahesabu kila kishungi. Kuirudishia krome zinki yenye vishimo ni kuchimba vishimo vyote kwanza, na pamoja navyo unachimba manyoya. Nimemsafisha kwa sabuni na brashi laini, nikamrudisha na vishimo vyake. Mzee alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Stika ndogo, ya kichujio cha hewa na ile ya maelekezo ya jeki kwenye buti, dola 24.

Mapambo na stika, bila rangi: dola 1,035. Katika hizo, 343 ni za ufito uliopinda na seti ya stika iliyokatika.

Jioni mzee alikuja na pikapu yake. Nilimwomba asimame ubavuni mwa gari, umbali wa nyumba moja, kisha awashe taa kubwa. Ubavu ukawaka. Mistari ilianza kwenye madigadi, ikapita mlango, ikafika nyuma, dhahabu inayotoka ndani, na neno MACH 1 likasomeka kutoka barabarani. Alizima taa. Akawasha tena. Alifanya hivyo mara nyingi, nami nikamwacha.

Umebaki mstari wa nyuma kwenye buti. Mpira wa buti unavuja na utabadilishwa kwanza, wiki ijayo. Ile karatasi angavu nimeiviringisha ndani ya bomba juu ya kabati. Mwenye Mach 1 ya 1969 ambayo kivuli kimeshasagwa, vipimo vyake vipo.